Kihoto: jina la mtaa lililobeba swali kongwe la wanafalsafa

MTAA wa Kihoto, ulio kandokando ya Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, umejulikana kote nchini Kenya kwa sababu ya maji. Mwaka 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yalipofurika, ziwa hilo liliingia katika makazi ya watu. Mwishoni mwa mwaka 2025 liliingia tena. Maelfu ya wakazi walihama, baadhi yao wakitolewa nyumbani kwa mashua zilizopita juu ya vichochoro ambavyo majuma machache kabla walikuwa wakivipita kwa miguu.

Jina la mtaa huo, hata hivyo, lina habari nyingine. Katika lugha ya Kikikuyu, kihoto (wengine huandika kihooto) ni haki. Wala si haki yoyote tu, bali ni ile inayodhihirika kwa hoja, kiasi kwamba hata aliyeshindwa barazani hukiri kuwa ameshindwa kihalali. Wakikuyu wana methali isemayo kwamba kihoto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Maana yake ni kuwa mshale ukiwa tayari kuruka, neno la haki lililotolewa vyema hulegeza mkono wa aliyeushika.

Neno moja, basi, limefumbata mambo mawili: haki na hoja. Uhusiano wa mambo hayo mawili ndio uliowashughulisha wanafalsafa wa Athens, Baghdad, Cordoba na Königsberg, na baadaye wa Nairobi. Je, haki ni kitu ambacho akili ya mwanadamu inaweza kukithibitisha, au ni jina la heshima linalopewa matakwa ya mwenye nguvu? Madhehebu makuu ya falsafa ya Magharibi na ya Kiislamu yanaweza kupangwa kwa namna yalivyolijibu swali hilo, na kwa mkazi wa Kihoto aliyeokoa godoro na vyombo viwili, swali hilo si la vitabuni pekee.

Maneno yaliyosafiri

Msomaji wa Kiswahili huingia katika elimu hii akiwa tayari ana funguo mkononi, ingawa mara nyingi hajui. Neno falsafa asili yake ni la Wayunani, nalo lilimaanisha kuipenda hekima. Waarabu walilichukua, na Waswahili wakalipata kwao. Mantiki, akili, hekima, hoja na uadilifu yote yamepita njia ya Kiarabu. Haki yenyewe, katika Kiarabu, ni ukweli na pia ni kile anachostahili mtu. Hivyo mzee wa Kikikuyu anayetafuta kihoto na kadhi wa Mombasa anayetafuta haki, ingawa maneno yao hayana asili moja, wote wawili wamerithi lugha isiyotenganisha kilicho kweli na kilicho halali.

Athens: haki na mwenye nguvu

Swali lilianza kuulizwa kwa ukali katika mji wa Athens, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo. Wakati huo walikuwapo walimu waliosafiri mji hadi mji wakifundisha ufundi wa kusema kwa malipo, wakiitwa Masofisti. Mmoja wao, Thrasymachus, anatokea katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, akidai bila haya kwamba haki ni manufaa ya mwenye nguvu tu: anayetawala hutunga sheria zinazomfaa, kisha huziita haki.

Socrates, ambaye hakuandika kitabu na ambaye alihukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, ndiye anayemjibu katika kitabu hicho. Mtawala, anasema, ni kama tabibu au nahodha. Ufundi wake hauangalii faida yake mwenyewe bali ya wale walio chini ya uangalizi wake. Ni jibu zuri, lakini wasomaji wengi wameona kwamba Thrasymachus alinyamazishwa kuliko alivyoshawishika. Plato mwenyewe yaelekea aliliona hilo, maana vitabu tisa vinavyofuata katika Jamhuri ni juhudi ya kulijibu upya.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliligawa jambo hilo kwa utulivu zaidi. Ipo haki ya kugawa, inayouliza nani apate nini katika mali na heshima za pamoja. Na ipo haki ya kurekebisha, inayouliza aliyedhulumiwa arudishiwe nini. Mgawanyo huo ungali unatumika. Aliyefurikiwa na maji Kihoto akidai msaada wa chakula na mahali pa kulala, anadai haki ya kwanza. Akidai kwamba aliyemuuzia kiwanja alijua kuwa ziwa hurudi, anadai ya pili. Mashauri mengi huharibika kwa kuchanganya hayo mawili.

Baada yao walikuja Wastoiki, walioanzishwa na Zeno wa Citium. Hao walifundisha kwamba akili imeenea katika ulimwengu wote, na kwamba binadamu wote, mtumwa kwa mungwana, ni raia wa mji mmoja. Fikira ya sheria ya maumbile, iliyo juu ya sheria za wafalme, ilipata nguvu kutoka kwao.

Mfano wa karibu

Asiyeridhika na mifano ya Wayunani anaweza kuangalia historia ya bonde hilihili. Kabla ya walowezi, nchi ya Naivasha na Nakuru ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904, uliotiwa sahihi na laiboni Olonana pamoja na viongozi wengine, Wamasai walihamishwa kutoka eneo la kati la Bonde la Ufa ili kuwapisha wazungu, wakaahidiwa kwamba nchi waliyobakiziwa, pamoja na Laikipia, itakuwa yao muda wote watakapokuwapo kama taifa. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1911, mkataba wa pili ukawaondoa Laikipia pia.

Baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliamua kwamba mikataba hiyo ilikuwa baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama za kawaida hazikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Wamasai hawakushindwa kwa hoja. Hoja yao ilinyimwa baraza. Thrasymachus angetabasamu.

Baghdad na Cordoba

Vitabu vya Wayunani vilipofifia Ulaya Magharibi, viliendelea kusomwa Mashariki. Chini ya makhalifa wa Kiabbasi, hasa katika karne ya 9, wafasiri wa Baghdad, Wakristo wengi miongoni mwao, walivigeuza kuwa Kiarabu. Al-Kindi, anayehesabiwa kuwa mwanafalsafa wa kwanza wa Waarabu, alishikilia kwamba ukweli haupungukiwi na thamani kwa kutoka kwa wageni. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliitwa Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle. Aliandika juu ya mji mwema, akiulinganisha na mwili wenye afya ambao viungo vyake husaidiana. Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa, alitofautisha kuwapo kwa kitu na asili ya kitu hicho, na tofauti hiyo ikatawala falsafa ya Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi.

Lakini mjadala unaohusu haki moja kwa moja ulikuwa wa wanateolojia. Muutazila, waliochipuka Basra katika karne ya 8, walijiita watu wa uadilifu na tauhidi. Walishikilia kwamba wema na ubaya ni sifa za matendo yenyewe, na kwamba akili inaweza kuzitambua hata kabla ya wahyi kushuka. Mwenyezi Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hatendi dhulma. Al-Ashari, aliyefariki katika miaka ya 930, alikuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha. Yeye alisema kwamba jema ni jema kwa sababu Mungu ameliamrisha, wala akili haiwezi kumwekea Mungu mipaka. Swali hilo hilo Plato alikuwa ameliuliza kwa namna yake katika kitabu cha Euthyphro, kuhusu miungu na utakatifu.

Madhehebu ya Ashari ndiyo yaliyoenea zaidi miongoni mwa Wasunni, ikiwa ni pamoja na Washafii wa pwani ya Afrika Mashariki. Wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo akili ilifungiwa mlango. Dhana hiyo si sahihi, na ushahidi ni al-Ghazali (1058–1111) mwenyewe. Ni kweli kwamba aliwashambulia wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu akawahukumu kuwa wametoka katika dini. Lakini mantiki hakuikataa. Aliitetea kuwa mizani inayomfaa hata mwanachuoni wa sheria. Zaidi ya hayo, katika elimu ya misingi ya sheria alieleza kwamba sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ni orodha fupi, lakini anayeifahamu anaweza kuipima hukumu yoyote na kuuliza ni lipi kati ya matano hayo limelindwa na lipi limeachwa.

Ibn Rushd (1126–1198), aliyekuwa kadhi wa Seville na baadaye wa Cordoba, alimjibu al-Ghazali hoja kwa hoja. Mchango wake ulio karibu zaidi na kihoto ni mgawanyo wake wa njia za kushawishi. Iko burhani, yaani uthibitisho usioacha shaka; iko jadali, ya kubishana kwa misingi inayokubaliwa na wengi; na iko ya hotuba, inayogusa nyoyo. Kiswahili kimehifadhi zote tatu: burhani, mjadala na hotuba. Kwa Ibn Rushd, kila watu huufikia ukweli kwa njia inayowafaa, na ukweli haupingani na ukweli. Hakimu huyo mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1195 alifukuzwa Cordoba na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa, ingawa alisamehewa kabla ya kufariki mjini Marrakesh.

Vitabu hivyo viliishi kwa Kilatini na Kiebrania. Thomas Aquinas (1225–1274) alimtaja Ibn Rushd kwa cheo tu, Mfafanuzi, hata pale alipompinga. Kwa hiyo anayesema kwamba falsafa ya Magharibi na ya Kiislamu ni mito miwili isiyokutana, hajafuata mkondo wa maji.

Ulaya ya mikataba

Karne ya 17 ilileta lugha mpya, ya mkataba. Thomas Hobbes, akiandika mwaka 1651 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, alisema kwamba pasipo dola hakuna haki wala dhulma, bali hofu ya kila mtu kwa mwenzake. John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, alikuwa na matumaini zaidi: mtu huzaliwa na haki, na anayechanganya jasho lake na ardhi isiyo na mwenyewe huifanya kuwa yake, mradi awaachie wengine ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Sharti hilo la mwisho husahauliwa upesi. Hoja ya jasho ilitumiwa na wakoloni dhidi ya wafugaji, kana kwamba malisho hayahesabiwi kuwa matumizi. Leo hoja hiyo hiyo iko midomoni mwa maskini aliyejenga vyumba viwili ufukweni kwa akiba ya miaka kumi.

Immanuel Kant (1724–1804) alitaka msingi usiotegemea faida. Binadamu, alisema, asitumiwe kamwe kama chombo tu, kwa kuwa yeye mwenyewe ni lengo. Jeremy Bentham na John Stuart Mill walishika njia nyingine: tendo jema ni lile linaloleta furaha nyingi kwa watu wengi. Njia hizo mbili hugongana kila serikali inapowahamisha watu kwa ajili ya mradi au hifadhi. Mfuasi wa Bentham atahesabu wanaofaidika. Mfuasi wa Kant atauliza kama wanaohamishwa waliambiwa sababu ambayo wao wenyewe wangeweza kuikubali.

John Rawls wa Marekani alijaribu mwaka 1971 kuipa fikira hiyo umbo la jaribio. Tuchukulie, alisema, kwamba watu wanatunga kanuni za jamii yao wakiwa nyuma ya pazia, hakuna anayejua atazaliwa tajiri au maskini. Kanuni watakazokubaliana hapo ndizo za haki. Asiyejua kama nyumba yake itakuwa mlimani au ufukweni mwa Naivasha, bila shaka atapanga mji kwa uangalifu zaidi.

Nairobi na wahenga

Kwa muda mrefu Waafrika waliachwa nje ya historia hii. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alichapisha mwaka 1945 kitabu kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa, lakini hawawezi kuieleza wenyewe mpaka mzungu awaelezee. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwa heshima kubwa zaidi, akisisitiza kwamba mtu huwa mtu kwa kuwa yumo katika jamii. Hata hivyo, wote wawili waliieleza falsafa kama mali ya kabila zima.

Henry Odera Oruka hakuridhika na hilo. Alizaliwa mwaka 1944, akasoma Sweden na Marekani, na tangu mwaka 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabila halifikiri, alisema kwa maana hiyo. Anayefikiri ni mtu. Yeye na wanafunzi wake walikwenda vijijini wakiwa na vinasasauti, wakawahoji wazee waliosifika kwa hekima, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko. Alitofautisha mhenga anayezijua mila na kuzisimulia kwa ufasaha na mhenga anayezipima mila hizo kwa akili yake na, inapobidi, kuzikataa. Huyu wa pili ndiye mwanafalsafa, awe amesoma au hajasoma. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1990.

Wapo waliompinga. Peter Bodunrin wa Nigeria aliuliza: profesa akimwuliza mzee maswali ya kifalsafa na mzee akajibu, falsafa iliyozaliwa hapo ni ya nani? Swali hilo ni zito, na Oruka hakulimaliza kabisa. Lakini laweza kuelekezwa pia kwa Socrates, ambaye kazi yake yote ilikuwa ya kuuliza.

Pwani nako Mjerumani Kai Kresse alifanya utafiti Mombasa na kuchapisha mwaka 2007 kitabu juu ya wanafikra wa Kiswahili, akiwamo mshairi Ahmad Nassir, aliyetunga utenzi mzima juu ya utu. Kabla yao wote, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa ameutumia ukurasa wa gazeti kuwahimiza Waislamu wapime desturi zao kwa akili na elimu.

Mashua ya Hardin na ndugu wa Oruka

Sehemu ya kazi ya Oruka inayoihusu Kihoto kwa karibu husomwa kidogo kuliko mahojiano yake na wazee. Mwaka 1974 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mataifa tajiri ni kama mashua ya uokoaji yenye nafasi chache, na maskini ni watu wanaoelea majini wakiomba kupandishwa. Wakipandishwa wote, mashua itazama. Kwa hiyo waachwe.

Oruka alimjibu mwaka 1993 kwa mfano mwingine. Tuifikirie dunia kama familia ya ndugu sita, wachache matajiri na wengi maskini. Tofauti zao zimetokana kwa sehemu na historia ya nyumba yao, kwa sehemu na bahati, na kwa sehemu na juhudi. Kwa kuwa wana mzazi mmoja, yaani dunia, aliyefanikiwa ana deni, na umaskini wa mmoja ni aibu ya wote. Katika maandishi mengine alitetea kile alichokiita kiwango cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiyekuwa na hayo hawezi kutumia haki nyingine yoyote. Ukiilinganisha na mambo matano ya al-Ghazali, utaona kwamba watu wawili wa dini, lugha na zama tofauti wamefika karibu na mahali pamoja.

Kosa la Hardin ni jepesi kulionesha kwa aliyeona mashua za Kihoto. Mfano wake hausemi ni nani aliyeimiliki mashua kwanza, wala watu waliingiaje majini.

Hata hivyo mfano wa Oruka nao una ugumu wake, na wakazi wameukuta. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, huyahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 40 hulinda mali ya mtu. Kifungu cha 43 hutoa haki ya makazi yanayofaa. Ziwa linapopanda na kushuka, mpaka wa umma na wa mtu binafsi husogea pamoja na maji, na vifungu vitatu huanza kuvutana juu ya kiwanja kimoja. Undugu peke yake hausemi kipi kitangulie. Kifungu cha 159, hata hivyo, kinaitaka mahakama iendeleze pia njia za kijadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisiipinge Katiba. Kwa kifungu hicho shauri la aina hii laweza kufika mbele ya wazee, na huko jina linalotajwa kwa ajili ya uamuzi unaokubalika kwa pande zote ni lile lile lililo katika jina la mtaa.

Oruka hakupata nafasi ya kuliendeleza jibu lake. Alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi mwezi Desemba 1995, akiwa na umri wa miaka 51. Kitabu chake juu ya kiwango hicho cha chini cha maadili kilitoka mwaka 1997.